Kamba Isiyoonekana Kwenye Rada

Kila asubuhi, nikishamaliza uji wangu wa uwele, natoa kiti nje ya nyumba yangu hapa Mandewa, Singida, navaa miwani, nafungua simu na kuanza kuongoza meli. Meli zenyewe ziko Tanga, Zanzibar, Mombasa, nyingine ziko mbali kabisa huko Bahari ya Shamu. Hakuna hata moja inayonisikia. Mimi napiga kelele tu: "Wewe wa kijani, geuka kulia! Kulia, mbona mbishi? Humwoni mwenzako?" Siku hizi kuna programu ya simu inayoonyesha kila meli kama kishale kidogo, na ukikigusa kinakuambia jina, mwendo na kule inakokwenda. Kwa mzee kama mimi hiyo si simu, ni sikukuu.

"Baba Neema," mke wangu ananiita kutoka jikoni, "mbuzi wako wametoka zizini wanakula mchicha wa jirani, na wewe uko Bahari ya Shamu."

Ni kweli. Nimeziepusha meli nyingi kugongana, ila mbuzi watatu wamenishinda.

Vijana wa mtaani mnaniita Babu Rada. Sikatai. Lakini mjue tangu mwanzo kwamba mnayemwita hivyo hakuwahi kupenda kusafiri. Nikienda kwa shemeji Utemini, ambako ni hapo tu, ikifika saa kumi naanza kuulizia kofia yangu. Na mtu huyo ndiye aliyekula ujana wake wote kwenye meli za mizigo za mwambao! Mtwara, Dar es Salaam, Tanga, Zanzibar, halafu tunaanza upya. Nilikuwa nabeba mto wangu mwenyewe wa kulalia, alioushona mama, na mfuko wa unga wa uwele. Mabaharia wenzangu walisema nimehama na nyumba, imebaki paa.

Swali mnaloniuliza sana ni hili: "Babu, kama meli zina kompyuta zinazozuia ajali, nyinyi watu mle ndani mlikuwa mnafanya nini?" Swali zuri sana, na nimekuwa nikilijibu vibaya, kwa kujisifu. Leo nalijibu vizuri. Jibu liko katika asubuhi moja ya mvua, kusini mwa Mafia. Mashine zetu zote zilikuwa nzima. Afisa wangu alikuwa amefuata kanuni neno kwa neno. Na bado tulikuwa tunakwenda kuua wanaume watatu. Mtu pekee aliyehisi hivyo ni mimi, na mimi nilikuwa nimeamua kunyamaza kwa adabu.

Nitafika hapo. Kwanza nijicheke mwenyewe kabla hamjanicheka.

Nilipomaliza kidato cha nne nilikwenda Dar es Salaam kumpelekea mjomba kuku. Mjomba alikuwa akifanya kazi bandarini. Nilikusudia kukaa siku tatu, nikakaa hadi mvi. Mjomba aliniombea kazi ya kupiga deki na kupaka rangi kwenye meli moja ndogo, na humo ndimo nilimokutana na Chifu Shaame, afisa wa kwanza wa meli, mzee wa Pemba, mwembamba, mwenye sauti ya kukoroma. "Chifu" ndivyo mabaharia tunavyomwita afisa wa kwanza, yule anayefuata baada ya kapteni. Yeye ndiye aliyenitoa kwenye ndoo na kunisimamisha kwenye usukani.

Siku ya kwanza kabisa kushika usukani, ikaja meli mbele yetu, uso kwa uso. Chifu akaanza kusema, "Haya, huyu inabidi tumpi—" na kabla hajamaliza mimi nimeshampisha. Kushoto! Mnajua wenyewe, mtoto yeyote aliyekulia kando ya barabara ya Dodoma anajua ukiona basi linakuja unakaa kushoto. Nikaenda kushoto kwa moyo mweupe kabisa. Na ile meli nyingine, ikifuata kanuni, ikageuka kulia kwake, yaani upande uleule niliokwenda mimi.

"Kulia! Kulia, wewe Singida!" Chifu alirukia usukani kiatu kikamvuka. "Hii bahari, si barabara ya kwenu!"

Baharini mkikutana uso kwa uso kila mmoja anageuka kulia kwake. Tulipopita salama nikamuuliza kwa nini iwe kulia wakati nchi nzima inakaa kushoto. Akavaa kiatu chake taratibu. "Kwa sababu dunia nzima imekubaliana hivyo. Ukileta wema wa kwenu peke yako, mtagongana huku mnatabasamu." Andikeni hilo mahali. Kanuni za kupishana hazimtafuti mwema, zinataka mwenzako ajue utafanya nini kabla hujafanya.

Halafu rada. Jamani, rada! Mara ya kwanza nilipoiona inawaka nilisahau kula. Mmewahi kusimama kwenye yale majabali ya Ziwa Singidani mkaita, sauti ikagonga upande wa pili na kurudi? Rada ni hivyohivyo, ila yenyewe inaita kwa mawimbi ya redio, inaita pande zote, mara nyingi sana ndani ya sekunde moja, na koo haliikauki. Kikirudi kitu, inaweka nukta kwenye kioo. Nukta hiyo inakuambia kitu kiko upande gani na umbali gani, hata kwenye ukungu, hata mbele ya macho yako pakiwa peupe kama maziwa. Baadaye zikaja rada zinazopiga hesabu zenyewe: unaichagua nukta, mashine inaifuatilia dakika chache, halafu inakuambia, "Huyu atakupita kwa umbali huu, baada ya muda huu." Mimi niliyepata hesabu kwa neema ya Mungu nilitaka kuibusu.

Lakini rada inahitaji mtu anayeielewa, na mimi nilichelewa kuwa huyo mtu. Mchana mmoja Chifu aliniacha niiangalie dakika chache. Nikaona kitu kikubwa nyuma yetu, kikubwa kuliko meli yoyote, kinakuja. Nikakimbia hadi mlango wa kapteni, nikaugonga kwa ngumi zote mbili.

Kapteni akapanda na taulo kiunoni, povu la sabuni masikioni. "Kuna nini?"

"Kisiwa, Kapteni! Kinatufuata!"

Akatazama kioo. Akatazama dirishani. Akanitazama mimi. "Singida, hicho kisiwa chako kinanyesha?"

Nikachungulia. "Ndiyo, Kapteni. Kinanyesha."

Lilikuwa wingu la mvua. Matone mazito nayo hurudisha mawimbi ya rada. Tangu siku hiyo jina langu melini likawa Kisiwa. Mpishi akiniona ananiuliza, "Kisiwa, wenzako hawajambo?" Tukipita Mafia yenyewe wananiambia nikamsalimie shangazi. Nilicheka nao, lakini niwaambie ukweli, tangu siku ile nikawa mzito wa kusema ninachokiona. Hilo kumbukeni, maana lilitaka kuua watu.

Chifu alinifundisha kuna kitufe cha kupunguza mvua kwenye kioo. Ukikizungusha kidogo, ile mvua inafifia unaona meli zilizomo ndani yake. Ukikizungusha sana, vinafutika vyote, mvua na meli. "Hili ni fagio, Kisiwa," alisema. "Fagio halijui taka ni ipi na pete ya mkeo ni ipi." Alikuwa mwalimu wa namna hiyo, na ukikosea alikutukana kwa Kiswahili kizuri hadi unaomba arudie.

Siku moja nami nikamfurahisha. Aliniuliza, "Bila mashine yoyote, utajuaje meli ile itatugonga au itatupita?"

Nikamjibu kwa lugha ya Ikungi, ambako nilichunga ng'ombe wa baba hadi magoti yakaota sugu. Kule kundi lako linakwenda lamboni kunywa maji, na kwa mbali unaona vumbi la kundi la mtu mwingine nalo linakwenda lambo hilohilo. Mkifika pamoja makundi yatachanganyikana, na kuyatenganisha ni kazi ya hadi jua kuzama, pamoja na bakora ukifika nyumbani. Sasa unafanyaje? Unalilinganisha vumbi na pembe ya ng'ombe wako mmoja anayetembea kwa kunyooka. Vumbi likisogea mbele ya pembe, wao watatangulia. Likibaki nyuma, wewe utatangulia. Vumbi likiganda palepale kwenye pembe, huku linakuwa kubwa, kimbia ukawazuie ng'ombe, mnakwenda kukutana.

Chifu alinitazama kama mtu aliyepewa maji ya baridi. "Nani kakufundisha hayo?"

"Bakora ya baba, Chifu."

"Ala! Sisi chuoni walitufundisha hayo kwa dira na vitabu, muhula mzima!" Akacheka hadi akakaa chini. "Basi badala ya pembe chukua nguzo ya dirisha. Simama pasipobadilika, meli ikiwa imenyooka. Meli nyingine ikiganda kwenye nguzo na inakua, hiyo ni yako."

Vijana, hiyo ndiyo hesabu iliyomo ndani ya kila mashine ya kuzuia meli kugongana, hata za leo zenye rangi na sauti. Mashine inafanya haraka na haisinzii. Ila jambo lenyewe mnalijua kama mmewahi kuchunga.

Kisha kikaja kile kisanduku kinachotaja majina, ambacho mabaharia wanakiita AIS. Kila meli inajitangaza yenyewe kwa redio: mimi ni fulani, niko hapa, naelekea kule, mwendo wangu ni huu. Nilikipenda kupita kiasi! Mtu wa kwetu hawezi kupishana na mtu njiani bila kusalimiana, na miaka yote nilikuwa napishana na meli nisizozijua majina, nasikia vibaya moyoni. Sasa nikaletewa mashine inayoniambia jina la kila ninayempita. Nilikuwa nazisalimia kimyakimya. Chifu akinikuta midomo inacheza ananiuliza kama nasali.

Lakini kisanduku kile kinajua kile tu kilichoambiwa. Asiye nacho hajitangazi. Na mwenye nacho akisahau kubadilisha maelezo yake, kitaendelea kutangaza maneno ya jana.

Sasa naomba mshuke melini kidogo, twende Ikungi siku ya mnada.

Nilikuwa kidato cha pili. Nilikuwa na baiskeli ya baba, na nyuma yake tenga la kuku wanane. Mbele yangu mzee mmoja alikuwa anavuka barabara, anatembea polepole sana, ameinama mbele. Alikuwa Mzee Ntandu, nilimjua kwa sura. Kwetu huwezi kumkatia mzee njia mbele ya uso wake. Utapita nyuma yake, na utamwamkia. Nikafanya yote mawili kwa pamoja.

"Shikamoo, mzee!"

"Mara—" alisema, na hapo kamba ikanikamata kifuani.

Sikuiona. Ilikuwa na rangi ya vumbi. Mwisho wake ulikuwa nyuma ya lori la vitunguu lililoegeshwa kando, na huko nyuma ya lori ndiko alikokuwa dume wa ng'ombe, mweusi, hataki kuvuka. Mzee alikuwa mwisho huu, dume mwisho ule, na mimi katikati na kuku wanane. Baiskeli ikaenda peke yake. Kuku wakatawanyika mnada mzima. Dume akashtuka, akamburuta mzee hadi kwenye matairi ya lori, na mzee akainuka na vumbi hadi kwenye kope.

"Wewe mtoto!" alinifokea watu wote wakasimama. "Unamwona mtu ameinama hivi, unadhani anatafuta sindano? Ungejiuliza, ng'ombe yuko wapi!"

Nilirudi nyumbani na kuku watano na aibu ya watu mia. Na ile salamu yangu haikujibiwa. Iliishia kwenye "mara".

Haya, turudi kusini mwa Mafia.

Tulikuwa tumetoka Mtwara tunakwenda Dar es Salaam, saa mbili asubuhi, mvua inamwagika kama imeambiwa ndiyo mwisho. Kapteni alikuwa chini anakunywa chai. Chifu Shaame alikuwa ndani ya chumba cha usukani na mashine zake, meli inajiongoza yenyewe kwa mtambo. Mimi kazi yangu ilikuwa kuangalia na kusikiliza, kwa hiyo nilikuwa nje, kwenye kibaraza cha pembeni, na koti la mvua lililokuwa linavuja shingoni. Kati yangu na Chifu kulikuwa na mlango mmoja wa kioo.

Kisanduku cha majina kilionyesha tagi, ile meli ndogo ya kuvuta nyingine. Ilikuwa kuliani kwetu, maili mbili, inakuja kukatiza mbele yetu kwenda kushoto. Kanuni iko wazi: aliye kuliani kwako umpishe, na upite nyuma yake. Nilimwona Chifu akizungusha kidude cha mtambo, digrii ishirini kulia. Mashine ikapiga hesabu upya: tutapita nyuma ya tagi kwa karibu robo maili. Chifu akatikisa kichwa kuridhika. Alifanya sawasawa na kitabu.

Hapo nikasikia honi. Kwa mbali, ndani ya mvua. Mlio mmoja mrefu, halafu miwili mifupi.

Au nilidhani nimesikia. Mvua nayo inapiga bati, injini inanguruma. Mlio huo kwenye ukungu au mvua maana yake ni "mimi siwezi kukupisha kirahisi", na mmoja wa wanaoupiga ni anayevuta chombo. Lakini kisanduku kilisema tagi inasafiri kawaida tu, haikusema inavuta kitu. Na rada nyuma ya tagi haikuonyesha chochote. Nilichungulia kupitia kioo cha mlango nikausoma mwendo wake: noti nne, yaani maili nne za baharini kwa saa.

Noti nne! Mimi matagi nayajua. Tagi lisilo na kitu linakimbia kama mbuzi aliyefunguliwa. Noti nne ni mwendo wa mtu aliyeinama.

Nikaufungua mlango. "Chifu, samahani..."

"Funga mlango, mvua inaingia kwenye mitambo!"

Nikaufunga. Mimi nikiwa nje.

Nawaambieni bila kujificha, nilisimama pale na nikaanza kujipa sababu. Huyu ni mzee wangu. Ndiye aliyenitoa kwenye ndoo. Anajua rada kabla mimi sijajua taa ya umeme. Nikisema nimesikia honi na hakuna honi, leo nitaitwa nani, Bara zima? Nikapangusa uso. Nikasema moyoni, yeye ana mashine tatu, wewe una masikio mawili yenye maji.

Honi ikalia tena. Mrefu, mfupi, mfupi. Safari hii ilikuwa karibu, na kwa mbele kidogo upande wa kushoto. Na mimi nikaiona kamba ya Mzee Ntandu kifuani mwangu, wazi kabisa, hadi nikajishika.

Nikaufungua mlango kwa nguvu ukagonga ukuta. Na mnajua kilichonitoka? Adabu ya kwetu haimwachi mtu hata akifa.

"Shikamoo, Chifu!"

Akageuka na hasira. "Umeshaniamkia asubuhi! Una nini wewe?"

"Chifu, ng'ombe yuko wapi?"

"Ng'ombe gani?"

"Wa tagi! Anatembea noti nne, Chifu, ameinama! Anavuta! Tunapita nyuma yake na hatujui ng'ombe yuko wapi!"

Sikuwahi kuona uso wa mtu ukibadilika vile. Hakuniuliza tena. Macho yake yalikwenda kwenye ile namba nne, kisha yakashuka kwenye kitufe cha mvua. Alikuwa amekizungusha hadi mwisho. Yeye, mwenye fagio! Mvua ilikuwa imemsumbua kwenye kioo, akaifagia yote. Akakirudisha. Kioo kikajaa mvua, punje tupu, kama uwele uliomwagika. Mshale wa rada ukazunguka mara moja, mara mbili, mara tatu. Mvua huchezacheza, kila mzunguko punje zinahama. Punje moja haikuhama. Ilikuwa mbele yetu, nene, na ilikuwa imeganda.

Chifu akarudisha mkono wa injini: simama, kisha nyuma, nguvu zote. Meli ikatetemeka hadi vikombe vikaanguka kule chini. Nikaning'inia kwenye kamba ya honi. Kapteni akapanda ngazi mbilimbili, kikombe cha chai bado mkononi, chai imebaki shatini.

Halafu mvua ikafunguka kidogo, nasi tukaiona. Tishari. Chombo bapa, cheusi, hakina injini, hakina kisanduku cha kujitangaza, kimelala chini usawa wa maji, kimejaa mabomba. Na juu ya mabomba, chini ya turubai, wanaume watatu. Mmoja alikuwa amesimama na sufuria, anaipiga kwa mwiko kwa nguvu zake zote. Mbele yao kamba ilikuwa inazama na kuinuka, inachuruzika maji, nene kama paja langu, inapotelea ndani ya mvua kuelekea kwenye tagi.

Walipita mbele ya pua yetu. Meli yetu ilikuwa bado inasogea, polepole, polepole, halafu ikasimama. Ningeweza kuwarushia chungwa wakalidaka. Yule wa sufuria aliacha kupiga, akatutazama juu, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anatuuliza njiani:

"Sasa nyie mlikuwa mnakwenda wapi?"

Tukapunga mikono, kama wajinga. Naye akapunga mwiko.

Kwenye redio ya upepo mtu wa tagi alikuja akiomba radhi mfululizo. Alikuwa hajabadilisha maelezo ya kisanduku tangu alipofunga kamba. Kapteni alimjibu anavyostahili, mimi siandiki hapa, kuna watoto wanasoma. Kisha akatugeukia.

"Nani kaona?"

"Kisiwa," Chifu akasema.

"Na safari hii kilikuwa kisiwa kweli?"

"Safari hii kilikuwa na watu watatu."

Kapteni akaweka kikombe kitupu juu ya rada, akaondoka. Hakuna aliyenicheka tena kwa jina lile, ingawa liliendelea. Nadhani tangu hapo nililipenda.

Chifu alinivuta nje, kwenye mvua. "Mara ya kwanza ulipofungua mlango, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa nahisi, Chifu."

"Mbona ulifunga?"

"Uliniambia nifunge."

"Nikikuambia tena," alisema, "usifunge."

Jioni yake, kwenye daftari la amri za zamu, chini ya mambo ya dira na taa, aliandika kwa mwandiko wake mzuri: kabla ya kupita nyuma ya chombo chochote, iulizwe ng'ombe yuko wapi, anaweza kuuliza yeyote, hata mpishi, na asichekwe. Miaka yote niliyobaki melini iliulizwa. Mabaharia wa Pemba na Tanga ambao hawajawahi kushika mkia wa ndama waliuliza, "Ng'ombe yuko wapi?" kwa uso mkavu kabisa, na mtu alikwenda kutazama. Mara nyingi hakukuwa na ng'ombe. Tulitazama tu.

Basi, mnaoniuliza watu wanafanya nini ndani ya meli yenye kompyuta, hilo ndilo jibu langu. Mashine ipendeni, mimi naipenda hadi leo, mke wangu ni shahidi. Jifunzeni kila kitufe, na mjue kila kitufe kinaficha nini. Lakini mkiona kitu kinatembea isivyo kawaida, fungueni mlango, na mvua iingie.

Likizo iliyofuata nilikuja nyumbani na kipande cha kamba ya meli, kamba ya nailoni nzuri, ndefu, Chifu alinipa kwa mkono wake. Nikapanda baiskeli hadi Ikungi. Mzee Ntandu nilimkuta uani kwake anapukuchua alizeti, amezeeka, ila jicho ni lilelile.

"Shikamoo, mzee."

Hakuitika. Alinitazama kuanzia viatu. "Wewe ndiye wa kuku."

"Ndiye, mzee."

Nikakaa, nikamsimulia yote: tagi, tishari, mvua, sufuria. Aliendelea kupukuchua. Nilipomaliza aliuliza jambo moja tu. "Hao watatu, walifika?"

"Walifika, mzee."

Akaichukua kamba yangu, akaivuta kwa mikono miwili, akaipima kwa dhiraa hadi ikaisha. Nikamuuliza kama ni ndefu mno, nimkatie.

"Usikate. Dume mkali anataka kamba ndefu. Akiwa karibu, akishtuka anakupanda mgongoni."

Niliruka kutoka kwenye kigoda! Ndiyo sababu hiyohiyo tagi linaachia kamba ndefu baharini: mawimbi yakilisukuma tishari, lisije likalipanda. Nikaanza kumweleza, yeye hakuwa na muda. Alikwenda zizini, akamfunga dume wake kwa kamba mpya, na mimi nikaona ni wakati wa kuaga, nikasukuma baiskeli kuelekea mlangoni mwa boma.

Wakati huohuo naye akatoka zizini, akakatiza mbele yangu, ameinama, polepole. Nikasimama. Nikashika breki zote mbili. Mzee akapita. Kamba ikapita, ndefu, nyeupe, inang'aa. Nikaendelea kusubiri. Halafu dume akatokea nyuma ya zizi, anasuasua, akapita na yeye.

Mzee Ntandu akageuka upande wa pili wa uwanja, akanitazama mimi na baiskeli yangu.

"Marahaba," akasema.